Kiti cha Meno Hakichaguliwi kwa Macho

"Mtu wa diploma hawezi kuendesha kliniki ya viti vitatu." Hayo niliambiwa na daktari wa digrii aliyeniajiri Kitui mjini nilipotoka ng'ambo, na aliyasema akinywa chai niliyomnunulia mimi. Watu wa kwetu Kathonzweni nao walisema kwao mtu akiumwa na jino hufunga kitambaa shavuni na kumeza tembe za duka, na maumivu yakizidi huenda hospitali ya serikali. Hakuna atakayelipa pesa kwa kulalia kiti. Ndugu yangu mkubwa, Musyoka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Mbumbuni, alisema kwa kifupi kuliko wote: "Kimeu amerudi na masanduku mawili na kiburi. Masanduku yataisha."

Masanduku yaliisha kweli. Lakini leo kuna viti vitatu Kathonzweni na kingine Kitui, na vyote vinapanda na kushuka. Mkinisikia nikijisifu mnivumilie. Nilipohitaji kusifiwa hakuna aliyefungua mdomo, isipokuwa wale niliowaambia "fungua mdomo".

Nimestaafu sasa. Mgongo umechoka kuinama, na binti yangu Mumbua ndiye anayeinama. Ila ninyi vijana mnaotoka chuoni hamniachi nipumzike. Mnakuja na simu, mnanionyesha picha za viti vinavyong'aa, mnauliza, "Daktari, nichukue kipi?" Ninawajibu weka simu chini kwanza. Hakuna picha inayoonyesha kiti kitafanya nini umeme ukipotea mgonjwa akiwa amelala chali, damu mdomoni, na fundi wa kiti hicho yuko Nairobi na hapokei simu. Hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza, kwa sababu kwangu yalikaribia kunigharimu ploti ambayo kliniki imesimama juu yake, na ndugu yangu wa tumbo moja.

Huko ng'ambo, Gaborone, nilifanya kazi chini ya mama mmoja daktari, Kelebogile, mkali kama spiriti kwenye kidonda. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, mmoja wetu alilala kwenye kiti. Si kukikagua kwa macho, kulala. Unapandishwa, unalazwa, unainuliwa, unasikiliza mota kwa mgongo wako. Siku moja nilimwambia kiti ni kizima, nimekiangalia. Akaniuliza, "Wewe huoa mwanamke kwa kumwangalia?" Nikamwambia wengi wetu ndivyo tulivyooa. Alicheka, halafu akanilaza. Na kweli, kiti kilikuwa kinashuka polepole chenyewe bila kuguswa. Mafuta yalikuwa yakivuja kwenye pampu. Nisingelala nisingejua, na mchana wa siku hiyo kingeshuka sindano ikiwa kwenye ufizi wa mtu.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikijua viti. Sikurudi mjinga. Wale walionicheka walidhani diploma yangu ni ya kung'oa tu.

Kiti changu cha kwanza nilikinunua kwenye zahanati iliyokuwa ikifungwa, upande wa kusini wa Kitui. Kilikuwa kizee, rangi yake kama maziwa yaliyoharibika, ngozi imepasuka nikaishonea viraka. Lakini kilipanda kwa kukanyagwa na mguu, pampu ya mafuta, bila umeme. Stima ikipotea, na Kathonzweni hupotea hata bila mvua, mimi nakanyaga tu. Nilikiweka kwenye chumba kimoja juu ya ploti ambayo marehemu baba alituachia mimi na Musyoka. Siku za soko watu walitoka Mukuyuni, Mbumbuni na vijiji vya katikati, wakajaa barazani, wengine wakakaa juu ya mifuko ya pojo. Wale waliosema hakuna atakayelipa walikuwa kwenye foleni. Niliwaona. Niliwatibu vizuri, na niliwatoza bei ileile.

Foleni ikizidi unapoteza watu. Mtu akisubiri hadi saa tisa, na jino limetulia kidogo, anaenda zake. Ikabidi niongeze viti viwili. Benki ziliniangalia kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Hivyo nikaenda kwa wangu. Kikundi cha akina mama cha mke wangu Mwende kilitoa sehemu. Mfuko wa maendeleo wa kanisa letu ukatoa sehemu. Sehemu kubwa ilitoka kwa Musyoka, na Musyoka hakutoa hivihivi. Tulikaa mbele ya mjomba wetu, na Musyoka akasema, "Nikikosa pesa yangu, upande wako wa ploti ya baba unakuwa wangu. Kliniki utabeba kichwani." Mjomba akaniuliza kama nimekubali. Nikakubali. Mtu anayejiamini hakubali nusunusu.

Sasa sikilizeni kosa la watu wetu, kwa sababu nimeliona likirudiwa kutoka Kitui hadi mji wa Wote. Anayetoa pesa ndiye anayechagua kiti.

Musyoka alifunga duka, akavaa suti, tukaenda pamoja Nairobi. Kwenye duka la viti palikuwa na kijana muuzaji mwenye viatu vya ncha. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kijivu, cha kawaida, chenye chupa yake ya maji pembeni na vidude vichache. Nilijua mafundi wa Machakos wanakijua. Musyoka alisimama mbele ya kiti cha bluu chenye skrini kama televisheni na taa zinazobadilika rangi.

"Hiki," akasema.

"Kaka, spea za hiki zinapatikana wapi?" nikamwuliza muuzaji, si Musyoka.

"Tunaagiza, Mzee. Wiki chache tu."

"Mnaagiza wapi?"

"Kwa kampuni."

"Kampuni iko wapi?"

Kijana akacheka. "Mzee, hivi havikufi."

"Zima umeme tuone kitafanya nini."

"Hiyo meneja hawezi kubali."

Musyoka akanivuta mkono. "Kimeu, unauliza maswali kama polisi wa barabarani. Watu wa Mbumbuni wakija wakute televisheni. Pesa ni ya nani?"

Muuzaji akikataa kuzima umeme, tokeni. Siku hiyo mimi singeweza kutoka, kwa sababu miguu yangu ilikuwa mfukoni mwa kaka yangu. Tukagawana: kimoja cha kijivu, kimoja cha bluu. Hapo ndipo lilipoingia jambo jingine ambalo vitabu vya chuo haviwaambii: usinunue viti vya aina mbili. Nunua vya aina moja hata kama ni vibaya kidogo. Kimoja kikiharibika unatoa kifaa kwa mwenzake ukamaliza siku. Viti vya aina mbili ni kama wake wawili wasiosalimiana; hakuna kinachoazimwa.

Kwa vile kanisa lilikuwa limetoa pesa, kanisa lilitaka kuviombea viti. Sikupinga. Jumapili baada ya ibada waumini wakaja na nyimbo hadi kliniki. Pasta, mtu mwema, alikuwa na chupa ya mafuta ya upako. Kiti changu cha zamani alikigusa kwa kidole kimoja. Cha kijivu akakidondoshea kidogo. Alipofika kwenye cha bluu, na waumini wakiimba, moyo wake ukajaa, akamimina. Mafuta yakatiririka kwenye sehemu ya kuwekea mkono, pale penye vitufe. Niliyaona yakiingia. Lakini nani atamshika pasta mkono katikati ya maombi?

Musyoka akasema apigwe picha akikalia kiti chake. Alisema hivyo, "kiti changu". Akakaa, akakunja nne, akatabasamu. Sekunde chache baadaye kiti kikaanza kusogea. Mgongo ukashuka, miguu ikapanda. Waumini walidhani ni maonyesho, akina mama wakapiga vigelegele. Kiti kikaendelea. Kichwa cha Musyoka kikawa chini kuliko magoti, miguu ya suruali ikateleza hadi magotini, soksi moja ina tundu kisiginoni.

"Kimeu! Kimeu, zima hii kitu!"

Nilirukia waya nikachomoa. Kiti kikagoma papo hapo, kikambakiza hivyo, miguu juu. Tukamtoa kwa kumshika makwapa kama mtoto anayetolewa beseni.

Kungekuwa ni kicheko tu kama si mtu mmoja aliyekuwa mlangoni, upande wa akina mama: Mama Ndinda, mama mkwe wa Musyoka. Ninyi mliokulia mjini huenda hamjui. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wanaogopana kwa heshima. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anapinda. Tunaiita nthoni. Wokovu umelegeza mambo mengi, lakini hilo halijalegea sana, na hakuna wokovu unaoruhusu mama mkwe akuone umelazwa chali miguu hewani. Mama Ndinda alijifunika uso kwa leso akaondoka. Musyoka alibaki akifuta vumbi lisilokuwepo kwenye suti.

Ilibidi ampelekee mama mkwe mbuzi wa kuondoa aibu. Na mbuzi huyo Musyoka akamwongeza kwenye deni langu! Nilimwambia mafuta yalimiminwa na pasta, kiti alikichagua yeye, mimi nilichomoa waya tu. Akajibu, "Kliniki ni ya nani?" Siku za kudai ilikuwa yangu. Siku za sifa ilikuwa yake. Nilimlipa huyo mbuzi, beberu mzima, na bado nikimkumbuka napata kiungulia.

Kiti cha bluu hakikupona sawasawa. Nilisafisha vitufe kwa spiriti, kikafanya kazi kwa kusitasita. Kilichokimaliza ni maji. Hiki ni kitu ambacho muuzaji wa Nairobi hawezi kukuambia, kwa sababu hanywi maji yako. Cha bluu kilikuwa kinavuta maji kutoka kwenye bomba, na bomba letu linatoka kisimani, na maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Tazameni ndani ya sufuria yoyote ya chai Kathonzweni, mtaona ukoko mweupe. Sasa fikirieni ukoko huo ndani ya mpira mwembamba kama mrija wa soda. Vali zilikwama moja baada ya nyingine. Drili ikawa inatema maji mahali pa kunyunyiza, halafu haikutema kabisa. Nikapiga simu Nairobi. Kijana wa viatu vya ncha alikuwa ameacha kazi. Aliyekuwepo akaniambia ile bodi ya umeme na vali zinaagizwa. Niliagiza. Hazikuja. Skrini tu ndiyo iliyoendelea kuwaka, ikionyesha mandhari ya theluji kwa watu wetu wa Makueni.

Cha kijivu, kile nilichochagua mimi, kilikunywa kwenye chupa yake. Mwende aliweka mtungi chini ya bati la kliniki, akakinga mvua ya Novemba na ya Aprili, akachuja kwa kitambaa, akachemsha, akajaza chupa kila asubuhi. Mke wangu hana cheti cha meno, lakini vali za kiti hicho hazijawahi kubadilishwa. Ukienda kununua, uliza chupa iko wapi. Kama hakuna chupa na kwenu maji ni ya kisima, umenunua samani.

Basi nikafanya kazi kwa viti viwili huku nikilipa deni la kile cha tatu pia. Na Musyoka hakunyamaza. Pale Mbumbuni alisimama mbele ya duka lake akiwaambia wateja, "Mkiumwa jino nendeni kliniki yangu. Semeni ni mimi nimewatuma." Walikuja. Mtu anatibiwa, anashuka, anajifuta mdomo, Mwende anamtajia bei, naye anasema, "Aa, mimi ni wa Musyoka." Wengine hata hawakumjua Musyoka, walisikia tu kwamba jina hilo linalipa. Nilimpigia simu.

"Kaka, watu wako wananimaliza."

"Si tunasaidiana, Kimeu? Hiyo utatoa kwa deni."

"Kila mgonjwa nitoe kwa deni?"

"Wacha hesabu ndogondogo. Wewe ni daktari ama ni karani?"

Na nilipotaka kutoa kwa deni, alisema hao aliwatuma kwa nia njema, si kwa biashara.

Halafu akaja na kanta. Ilikuwa siku ya soko, baraza imejaa. Nilisikia lori likirudi nyuma hadi kwenye mlango, nikasikia sauti yake nje: "Leteni spana. Tunachukua kile cha kijivu." Si cha bluu, angalieni. Chake alichokichagua alikiacha, akataka kinachofanya kazi. Kile kikitoka, mimi nabaki na kiti kimoja cha kukanyaga, foleni inakatika, deni halilipiki, na ploti inakwenda. Alijua. Hakuja kuchukua kiti, alikuja kuchukua ploti kwa njia fupi.

Nilikuwa nimeshika sindano. Nilikuwa nimemaliza tu kumdunga mgonjwa, nasubiri mdomo ufe ganzi. Mlango ukafunguka kwa kishindo, Musyoka akaingia mbele ya vijana wake wawili, mkono umeinuliwa, mdomo tayari kusema.

Kwenye kiti cha kijivu alikuwa amelala Mama Ndinda. Mdomo wazi, leso imetandikwa miguuni.

Sikuwa nimepanga. Aliumwa na gego, alikuja kama mtu yeyote, akapanga foleni kama mtu yeyote. Musyoka alipomwona aligeuka haraka hivi kwamba alimgonga kijana wake usoni na kiwiko. Akabaki barazani akiangalia ukuta. Mama Ndinda hakugeuza kichwa. Akaongea na dari, ulimi umeanza kuwa mzito.

"Ni nani huyo amekuja na spana?"

Vijana wa kanta walificha spana nyuma ya migongo.

"Kimeu, uliza huyo mtu. Nimeshadungwa. Nikitolewa hapa, hili jino litang'olewa na nani? Na spana?"

Baraza nzima ikacheka. Musyoka akasema akiwa nje, bila kutazama mlango, "Mwambie mama hakuna mtu anamtoa."

"Mwambie nimesikia," akasema Mama Ndinda. "Mwambie pia nitakuja kujaziwa mengine mawili. Siku sijui."

Kwa hiyo Musyoka asingeweza tena kuja kwa ghafla. Mkamba yeyote anaelewa. Hangejua siku gani atafungua mlango amkute tena. Kanta ikaondoka tupu. Lakini jioni alinipigia simu, sauti ya baridi. Alisema nilimlaza mama mkwe pale makusudi, kwamba ni mara ya pili ninamvunjia heshima mbele yake kwa kutumia kiti. Akasema Desemba watu wakirudi nyumbani tutakaa tena mbele ya mjomba, na kama pesa haipo yote, ploti ni yake. Nilimwambia sawa. Sikumwambia kwamba nilikuwa na hofu. Hofu yangu niliimeza na chakula cha jioni.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo wenye digrii walisema halifanyiki. Nilikiuza kiti cha bluu vipandevipande. Skrini ilikwenda kwa kinyozi wa Mukuyuni, taa kwa mpiga picha, kompresa kwa fundi wa magurudumu, ngozi na vyuma kwa mtu wa vyuma kuukuu. Na pesa hiyo nikaitafutia kiti cha kijivu kingine, aina ileile, kilichotumika. Nilikipata Kitui, kwenye kliniki iliyokuwa ikifunga. Ya nani? Ya yule daktari wa digrii aliyekunywa chai yangu. Hakunikumbusha maneno yake, na mimi sikumkumbusha, ila nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kununua kiti kilichotumika ni kazi ya mwili. Nilikwenda na Mutiso, mwenye bucha Mukuyuni, mtu mzito kuliko wote ninaowafahamu, na nilimlipa kwa kumsafisha meno. Nikamlaza Mutiso kwenye kiti, nikakipandisha juu kabisa, nikamwambia asinzie. Nikaweka alama ya chaki ukutani usawa wa sehemu ya kichwa. Tukaongea mambo mengine, mvua, bei ya mbuzi. Kisha nikatazama chaki. Kiti kikishuka hata kidogo chini ya Mutiso, pampu imechoka, usinunue. Hakikushuka. Nikazima umeme wa kiti na kuuwasha Mutiso akiwa katikati ya kupanda. Kikasimama palepale, hakikumwangusha. Nikafungua mfuniko wa chini nikapitisha kitambaa cheupe: mafuta hakuna. Nikapinda mipira yote karibu na viungio, kwa sababu hapo ndipo hupasuka kwanza. Nikanusa mota, maana mota iliyowahi kuungua hunuka hata baada ya kuoshwa. Mwenye kiti akaniuliza, "Wewe unanunua kiti ama unakitibu?" Nikamwambia anayejua hilo la pili ndiye anayefaa kufanya la kwanza.

Mutiso alisinzia kweli. Tulimwamsha kwa shida.

Kiti hicho kilipofika Kathonzweni, viti viwili vya kijivu vikawa ndugu wanaopatana. Spea za kimoja zilikaa kwa mwenzake. Foleni ikasonga. Watu wa "mimi ni wa Musyoka" niliwawekea Mwende mlangoni, akawauliza kabla ya kuketi, "Musyoka amelipa?" Wengi waligundua kwamba jino si baya sana. Wengine walitoa pesa kwenye soksi. Nilifanya kazi Jumapili baada ya ibada, nikasemwa kanisani, nikaendelea. Nilikwenda siku za soko Mbumbuni kwenyewe, kwenye chumba cha kukodi mkabala na duka la kaka yangu, na koleo zangu kwenye sanduku, nikang'oa meno ya wateja wake.

Kufikia Desemba pesa ilikuwa imetimia. Sikungoja mjomba aitishe kikao. Siku hiyo nilivaa suti niliyorudi nayo kutoka Gaborone, inanibana tumboni, na nikaamua kuwalipa wote siku moja, kwa mkono wangu, wanione.

Kanisani mweka hazina alihesabu, akasema Bwana asifiwe, akauliza kama nitaongeza kidogo kwa ajili ya bati la nyumba ya pasta. Nilitoa. Nilitaka siku yangu isiwe na neno. Kikundi cha akina mama kiliniimbia wimbo mzima, na mwenyekiti wao akasema hadharani kwamba wao hawakuwahi kuwa na wasiwasi. Walikuwa nao. Mwende alikuwa akirudi kutoka mikutano yao macho mekundu. Lakini walisema, na nilikubali, maana angalau hao walijua kudanganya kwa upole.

Mbumbuni nilifika saa za mchana. Mwende alibaki garini. Duka lilikuwa na wateja, watu wa misumari na saruji. Musyoka alikuwa nyuma ya kaunta, miwani kwenye paji la uso. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga: masanduku, kiburi, kanta, yote. Nikaweka bahasha kwenye kaunta. Hakuniuliza ni nini. Alihesabu noti polepole, akilowesha kidole, wateja wakingoja, na alipomaliza akazifunga kwa mpira na kuziweka kwenye droo pamoja na pesa za misumari.

"Imetimia," akasema.

"Imetimia."

Nikangoja. Nilidhani atasema jambo ambalo nitalijibu. Mteja mmoja, mzee wa Mbumbuni, akamwuliza, "Musyoka, huyu si daktari wa kliniki yako?"

Musyoka akateremsha miwani, akaanza kupima misumari ya mtu mwingine kwenye mizani. Aliitazama mizani ikitulia kwanza.

"Sina kliniki," akamwambia yule mzee. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wavulana, "Au ninayo, Kimeu?"

Wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema neno jema. Lilikuwepo, na lisingenigharimu hata senti.

"Huna," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akafunga misumari kwenye gazeti, akampa mwenyewe. Nikatoka.

Garini Mwende alikuwa ameshusha kioo.

"Mmepatana?"

"Tumelipana," nikamwambia, nikawasha gari.